Duara, mkutano wa wazi au tawi la chama: wawezeshaji wa eneo moja waanze na lipi?

Warsha imekwisha. Washiriki wamepiga makofi, wamepiga picha ya pamoja, wameaga. Mwezeshaji amebaki ukumbini akibandua karatasi ukutani huku swali moja likimzunguka: pale baada ya mapumziko, kundi lilipogawanyika pande mbili naye akaamua kuwarudisha kwenye vikundi vidogo, alifanya sawa au aliukimbia mgogoro? Wa kumjibu hayupo. Washiriki walikuwa wamezama kwenye hoja zao. Aliyemwita kazini alikuwa akitazama saa na matokeo. Mtu ambaye angeweza kumjibu ni mwezeshaji mwenzake, na huyo yuko ukumbi mwingine, naye anabandua karatasi zake peke yake.

Seremala ana karakana, mwalimu ana ofisi ya walimu, muuguzi ana zamu anayoikabidhi kwa mwenzake. Sisi tunafanya kazi mbele ya macho ya watu thelathini, na mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao anayeijua kazi yenyewe. Kinyozi hajinyoi. Ndiyo maana wawezeshaji wa eneo moja wakikutana mara mbili tatu hawachelewi kusema, “Jamani, tuanzishe kitu.” Swali gumu linakuja baadaye: kitu gani?

Nimeona sura tatu zikirudiwa. Ya kwanza ni duara la mazoezi: watu watano hadi wanane, walewale, wanaokutana kila baada ya wiki tatu au nne, na kila kikao mmoja wao anaendesha kipindi kamili kisha wenzake wanampa mrejesho. Ya pili ni mkutano wa wazi: siku moja kila mwezi, anayetaka aje, kuna mada au mbinu mpya, watu wanazungumza na kufahamiana. Ya tatu ni chombo rasmi, chenye viongozi, ada na daftari la wanachama, mara nyingi kikiwa tawi la chama kikubwa kama International Association of Facilitators (IAF), chama cha kimataifa cha wawezeshaji kilichoanzishwa 1994.

Naegemea duara, na sitaficha. Lakini duara halimfai kila mtu, na yako mambo ambayo hizo nyingine mbili zinalishinda waziwazi. Nizilinganishe kwa maswali ambayo mtu anapaswa kujiuliza kabla hajaanza kutafuta ukumbi.

Nani atakuona ukifanya kazi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na historia ya fani yetu inaeleza kwa nini. Mwaka 1946, huko New Britain, Connecticut, nchini Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha warsha kwa watu waliofanya kazi ya kupunguza ubaguzi katika jamii zao. Mchana washiriki walijadiliana kwenye vikundi, na watafiti walikaa pembeni wakiandika walichokiona. Jioni watafiti walikutana peke yao kulinganisha maandishi. Kisha baadhi ya washiriki wakaomba kuingia kusikiliza. Wakaruhusiwa, na pale wakasikia mwenendo wao wenyewe ukisimuliwa: nani alimkatiza nani, nani alinyamaza baada ya hapo. Wengine wakapinga, wakasema haikuwa hivyo. Mjadala ukawaka, na jioni zilizofuata watu wakazidi kuja. Waandaaji wakagundua kwamba kusikia jinsi ulivyoonekana ukiwa kwenye kundi kulifundisha kuliko ratiba yote ya mchana. Lewin alifariki Februari 1947, lakini majira ya joto ya mwaka huohuo wenzake walifungua mafunzo ya aina hiyo huko Bethel, Maine. Mrejesho tunaoutumia leo kwenye kila warsha unatoka kwenye chimbuko hilo.

Kwa kipimo hiki duara linazipita hizo mbili kwa mbali. Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoendesha kipindi mbele ya duara, dada mmoja kati yetu alikaa pembeni na saa na kipande cha karatasi. Nilipomaliza nilijiona nimekwenda vizuri. Yeye akasema, “Umeuliza maswali tisa. Saba umeyajibu mwenyewe, au umeyageuza maneno, kabla hatujavuta pumzi.” Akanionyesha karatasi yake: mistari mifupi tisa, saba kati yake ikiwa imekatwa kwa mstari. Nilikuwa nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa na hakuna mshiriki aliyewahi kuniambia, kwa sababu mshiriki hahesabu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwahi kupima jambo hili madarasani katika miaka ya 1970. Aliona walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na wakijizuia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza kusema. Utafiti huo ningeweza kuusoma miaka kumi bila kujua kwamba unanihusu. Ile mistari tisa ilinihusu jioni ileile.

Kwenye mkutano wa wazi jambo hilo ni gumu kutokea. Watu wanabadilika kila mwezi. Mtu aliyekuja leo kwa mara ya kwanza hawezi kumwambia mwendeshaji asiyemjua kwamba aliwanyima watu nafasi ya kufikiri, hata kama ameliona, atasema “asante sana, nimejifunza mengi.” Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mikutano mingi ya wazi ninayoijua imejaa sifa. Si kosa la waandaaji, kwani ukweli wa namna ile unahitaji watu waliozoeana.

Tawi rasmi liko katikati. Cheti cha IAF cha mwezeshaji mtaalamu, kiitwacho CPF, hakitolewi kwa kusoma pekee, kwa kuwa mwombaji huendesha kipindi mbele ya watahini na kuhojiwa nao. Hapo utaonwa kweli, na utaonwa na macho yanayojua. Ila mtihani ni siku moja, na kazi ya kukua inatokea kwenye siku nyingine zote. Chama hicho kina kitu kingine cha thamani kwa duara lolote: orodha yake ya maeneo sita ya umahiri, yaani kujenga ushirikiano na mteja, kupanga mchakato unaofaa, kutengeneza na kutunza mazingira ya ushiriki, kuliongoza kundi hadi kwenye matokeo yenye faida, kutunza maarifa ya taaluma, na kuwa kielelezo cha mwenendo mwema wa kitaaluma. Huhitaji tawi ili kuitumia. Sisi tulikuwa tunachagua eneo moja kwa kila kikao, na mrejesho ukaacha kuwa “nilipenda, sikupenda.”

Niongeze kwamba duara lenyewe lina sura mbili, na watu wengi huzichanganya. Moja ni hii ya kuendesha na kuonwa. Nyingine ni ya kuleta kesi: mtu anasimulia kazi iliyomshinda, wenzake wanamuuliza maswali bila kumpa ushauri wa haraka, mpaka aione njia mwenyewe. Mwingereza Reg Revans aliijenga namna hiyo ya kujifunza kwa mameneja wa migodi ya makaa ya mawe katika miaka ya 1940, akiwakusanya kwenye vikundi vidogo waulizane kuhusu shida halisi za migodi yao. Ya pili ni rahisi kuanza kwa kuwa haihitaji maandalizi mengi. Kwa hiyo maduara mengi huteleza na kubaki nayo peke yake. Ilindeni ile ya kwanza, kwa sababu kusimulia kazi kunapitia kwenye kumbukumbu ya mwenyewe, na kumbukumbu ya mwenyewe isingesema kamwe kuhusu yale maswali saba.

Mgeni anaingilia wapi?

Hapa duara linashindwa na lazima likiri. Kijana aliyeendesha mikutano miwili tu akisikia kuna watu wanane wazoefu wanaokutana kwa siri ya kirafiki, mlango atauona umefungwa, hata kama hakuna aliyeufunga. Mkutano wa wazi unampokea bila swali. Tawi linampokea kwa fomu na ada, jambo ambalo kwa wengine ni kizuizi na kwa wengine ni faraja, kwa kuwa wanajua wamekubaliwa kwa utaratibu na si kwa kujuana.

Lakini kuingia mlangoni si kuingia kwenye kazi. Jean Lave, mwanaanthropolojia, aliwafuatilia wanagenzi wa ushonaji huko Liberia katika miaka ya 1970, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger walilitumia somo hilo kueleza jinsi watu wanavyojifunza kwa kushiriki, wakaleta neno linalotajwa sana leo, jumuiya za utendaji, yaani watu wa kazi moja wanaojifunza kwa kuifanya pamoja. Alichokiona ni kwamba mwanagenzi hakuanza na kukata kitambaa. Alianza mwisho wa kazi: kushona vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi nguo iliyokamilika. Baadaye alishona. Kukata kulikuja mwisho, kwa sababu kosa la mkasi linaharibu kitambaa kizima, na pia kwa sababu aliyekwisha kupiga pasi nguo mia anajua vipande vyake vinavyokutana.

Uwezeshaji nao una vifungo vyake na mkasi wake. Kutunza muda, kuandika hoja ukutani kwa maneno ya msemaji bila kuyapamba, kupanga viti, kufungua kikao kwa dakika kumi: hivyo ndivyo vifungo. Mkasi ni ule wakati wa kuamua kama kundi liachwe ligombane au litulizwe. Mkutano wa wazi una mlango mpana lakini mara nyingi hauna ngazi. Mgeni anakaa, anasikiliza, anaondoka, na baada ya miezi sita yuko palepale. Duara lina ngazi nzuri ila mlango ni mwembamba. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni duara kuacha viti viwili kwa wanaoanza, wakipewa kazi za vifungo kwa miezi mitatu ya mwanzo na kusogezwa ndani taratibu.

Mzigo wa kuendesha

Usione vyaelea, vimeundwa. Mkutano wa wazi unaonekana mwepesi kwa anayehudhuria, lakini ndio mzito kuliko yote kwa anayeuandaa: mada mpya kila mwezi, mtu wa kuiongoza, ukumbi, matangazo, kukumbusha, kusafisha. Kwa kawaida kazi hiyo huangukia mtu mmoja mwenye moyo, na akichoka au akihama mkutano unakufa naye. Nimeuona ukifa hivyo mara mbili, na mara zote mbili watu walishangaa, kana kwamba ulikuwa unajiendesha.

Kuna njia ya kuupunguza. Mmarekani Harrison Owen, baada ya kuandaa kongamano kwa mwaka mzima na kusikia watu wakisema sehemu iliyowafaa zaidi ni mapumziko ya kahawa, alianzisha mwaka 1985 mtindo wa kikao kisicho na ratiba ya awali. Watu wanakaa kwenye duara moja, mwenye swali analiandika na kulibandika ukutani pamoja na saa na mahali, na aliyejikuta kwenye mazungumzo yasiyomfaa anaitumia miguu yake kwenda kwingine. Mkutano wa wazi wa wawezeshaji unaoendeshwa hivyo hauhitaji mtu wa kubuni mada. Unahitaji ukumbi, karatasi na kalamu za wino mzito.

Tawi lina mzigo wa aina nyingine: katiba, uchaguzi, mweka hazina, taarifa kwa makao makuu. Palipo na watu kumi na wawili, mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na wajumbe wawili ni nusu ya chama. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ningesubiri mpaka wawepo watu wanaohudhuria kwa mwaka mzima bila kusukumwa, wa kutosha kuwaachia viongozi wafanye kazi ya uongozi bila kuwanyang'anya wengine mazoezi.

Duara halina mengi ya kueleza hapa. Tarehe, mahali, kundi la simu la kukumbushana, basi.

Wateja walewale

Hili halisemwi kwenye mikutano ya uzinduzi, nalo ndilo linalovunja jumuiya nyingi kimyakimya. Wawezeshaji wa eneo moja wanagombea wateja walewale. Ukisimulia kesi kwa undani, mwenzako anaweza kumtambua mteja. Ukimtambua mteja wa mwenzako aliyechukizwa, unaweza kushawishika kumpigia simu. Na ukishahisi mwenzako anaweza kufanya hivyo, utaacha kuleta kesi za kweli, utaleta zile ulizofaulu, na duara litageuka kuwa mahali pa kujitangaza.

Kwa upande huu tawi lina faida kubwa. IAF ina kanuni za maadili zilizoandikwa, zinazogusa usiri, mgongano wa maslahi, na uhuru wa kundi kuamua lenyewe. Mkiwa wanachama, mna kitu cha kunyooshea kidole ambacho hakikuandikwa na yeyote kati yenu, na hilo linapunguza aibu ya kuonyana. Mkutano wa wazi hauna kinga yoyote, kwa hiyo busara ni kutoleta kesi zenye majina hapo hata kidogo.

Duara linapaswa kuandika makubaliano yake katika kikao cha kwanza kabisa, kabla urafiki haujafanya jambo hilo lionekane la kutoaminiana. Yetu yalikuwa matatu. Mteja hatajwi jina, wala sekta yake kama sekta ni ndogo. Kazi uliyoisikia ndani ya duara haiwi yako mpaka aliyeileta akuambie mwenyewe. Na ukialikwa na mteja ambaye mwenzako aliwahi kumhudumia, unamwambia mwenzako kabla hujajibu. Hili la tatu lilipingwa kwa nguvu na mmoja wetu, aliyesema soko ni la wote, na kwa kweli ana hoja. Tulikubaliana kwamba kumwambia si kuomba ruhusa.

Mkishavuka hapo, upande wa pili wa jambo hili ni mtamu. Mtu aliyekuona ukifanya kazi mara kumi anaweza kukupendekeza kwa mteja bila wasiwasi, anaweza kukushikia warsha ukiugua usiku wa kuamkia siku yake, na mnaweza kuchukua pamoja kazi kubwa ambayo peke yako ungeikataa. Kadi zinazobadilishwa kwenye mkutano wa wazi hazina uzito huo, na jina kwenye orodha ya wanachama humwambia mteja kwamba upo, halimwambii unavyoshika kundi lililokasirika.

Kutambulika

Tawi linashinda, wala si kwa karibu. Kama wateja wako wanauliza cheti, au unataka kuwashawishi waajiri kwamba uwezeshaji ni taaluma na si kazi ya yeyote mwenye sauti nzuri, duara la watu wanane halitakusaidia. Chama kinaweza kuzungumza kwa niaba ya fani, kinaweza kuitumia wiki ya kimataifa ya uwezeshaji kila Oktoba kufungua milango, na kinakuunganisha na wenzako wa nchi nyingine.

Basi, lipi?

Kama mko chini ya kumi, anzeni na duara, hata kama ndoto yenu ni chama. Kama uko peke yako na hujui mwezeshaji mwingine hata mmoja, fanya mikutano ya wazi miwili au mitatu kwa lengo moja tu, kutafuta watu wanne wa duara, na usijifunge kuiendeleza. Kama tayari mna maduara mawili au matatu, mkutano wa wazi mara moja kila robo mwaka utayaunganisha na kuwapa wageni mlango. Tawi liitwe pale ambapo mahitaji yanatoka nje yenu, yaani wateja wanadai viwango au vijana wanataka njia ya kuvifikia. Wanaokutana kwa njia ya video wapunguze idadi hadi watano, maana kwenye skrini mrejesho kuhusu mwili, mahali pa kusimama na macho hauonekani vizuri, na muda mwingi huliwa na mitambo.

Kikao cha kwanza cha duara kisiwe cha kujadili jina, nembo wala malengo. Waalike watu wanne kwa saa mbili. Mmoja aendeshe kipindi cha dakika arobaini juu ya swali ambalo kundi linalihitaji kweli, kwa mfano haya makubaliano kuhusu wateja. Akimaliza, aseme yeye kwanza alichokiona kwake, kwa dakika tano. Kisha kila mmoja amweleze alichokiona na kukisikia, kabla ya kumwambia alichofikiri juu yake: “ulimgeukia huyu mara nne, yule hata mara moja.” Yeye asijitetee, aandike. Mpumzike, muongee mengine. Na kabla mtu yeyote hajachukua mkoba wake, mmoja aandike jina lake kwenye karatasi ya kikao kijacho.